Kamba ya kisima

Wa pili wangu, yule wa maswali, juzi aliniletea daftari lake la uraia. Walikuwa wamenakili ibara ya 11 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la 1948: mtuhumiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria, kwenye kesi ya hadharani. Chini yake swali: je, wananchi kujichukulia sheria mkononi kunaweza kuhalalishwa? Toa sababu.

"Baba, niandike ndiyo au hapana?"

"Hapana," nikamjibu upesi mno.

Nilikuwa na miaka 12. Wizi ulikuwa umetuchosha: leo kuku, kesho bati, keshokutwa baiskeli. Mmoja aliwahi kukamatwa akapelekwa polisi, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Wanasema waliomsindikiza waliporudi walimkuta keshafika kwake. Chumvi imo, lakini si nyingi. Basi alfajiri ile yowe lilipopigwa, hakuna aliyetaja kituo.

Nilitumwa kamba. "Wewe, kimbia ukalete ile ya kisima!" Nikaifungua kwenye ndoo, nikarudi nayo begani ikinichuruzikia mgongoni. Natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilisita. Sikusita. Nilijiona nimekuwa mkubwa.

Watu wakanipisha. Katikati, chini, ameketi mtu ninayemjua, ndiye aliyetuchongea mlango wa nyumba. Ndala ilikuwa mguu mmoja, mdomo umevimba upande. Mbele yake wamelaza pampu ya baiskeli, ndiyo ushahidi wenyewe. Akainua macho. Nami, mtoto niliyefunzwa adabu, kamba ikiwa begani, nikasema:

"Shikamoo."

Kelele zikakatika. Nasikia mpaka leo maji ya ile kamba yakidondoka kwenye majani makavu.

"Marahaba," akaitikia. Kisha, kama kawaida yake, "Mama hajambo?"

"Hajambo."

Nyuma yangu mtu akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Mwingine akaninyang'anya kamba, na watoto tukafukuzwa.

Hakufa. Alihama kabla ya mwezi kwisha, anachechemea. Na wizi ukakoma. Hapo ndipo pananishinda, maana ulikoma kweli, kwa miaka. Ungeendelea, leo ningekuwa na jibu jepesi. Ila pampu za wakati ule zilifanana zote, na mwenyewe aliitambua ya kwake gizani, kwa mwanga wa tochi iliyokuwa ikiisha betri. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba. "Tungefanyaje?" akasema, akanitazama kama mtu anayengoja ajibiwe.

Kamba ilirudishwa asubuhi ile ile, ina fundo lililokazwa na maji. Mama alihangaika nalo kwa vidole, likamshinda, akalifungua kwa meno. Akaifunga kwenye ndoo, akachota, tukanywa.

Nilimsimulia mwanangu yote hayo, isipokuwa hilo la meno. Akanyamaza, penseli iko mdomoni. Nilijua ataniuliza kama yule mtu alikuwa mwizi au la, nikawa natafuta la kusema.

"Aliitikia shikamoo yako?"

"Aliitikia."

Akachukua kifutio.