Kisanduku chekundu

Jumamosi nilifika nyumbani, Donholm, Nairobi, mapema kuliko kawaida. Kijana wangu wa Gredi ya 6 alikuwa ameketi kwenye zulia, amenipa mgongo, dadake mdogo amemwegemea begani. Kwenye runinga mtu amefungwa kitini analia. Mwanangu alikuwa akizungusha kijiti cha padi ya gemu kwa kidole gumba, polepole, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo kama anapoandika insha. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa anamng'oa yule mtu jino kwa koleo.

Nilichomoa waya ukutani, nikafoka. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini Baba, si ni wewe ulininunulia?"

Ni mimi. Grand Theft Auto V, gemu ya mwaka 2013. Niliinunua Luthuli Avenue mwezi wa Desemba, mbiombio, nikiwahi matatu. Usiku huo nikalitafuta kasha. Lina kisanduku chekundu chenye 18 nyeupe, alama ya umri ya PEGI, wapangaji viwango vya gemu kule Ulaya. Wamarekani wao wameipa 17. Na nilikuwa nimeiona siku ile dukani! Hilo ndilo linaloniuma. Filamu ya 18 singeiingiza nyumbani kwangu, ila hii kwa kuwa inaitwa mchezo, niliiweka fungu moja na drafti na kandanda.

Sidhani mwanangu atageuka jambazi. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kusema gemu hizi husababisha vitendo vya ukatili, ingawa kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufokeana na kusukumana. Kufokeana kwenyewe, nakiri, siku hizo nilikuwa nakusikia jikoni na kwenye ngazi, nikasema ni umri.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Miezi mitatu watu wanapigwa risasi sebuleni kwangu, nami nilikuwa nashukuru kwamba nyumba imetulia. Hayuko barabarani, hayuko kwenye kile kibanda cha gemu karibu na steji, yuko ndani, basi yuko salama. Wazazi wangapi tunakinunua kimya hicho bila kuuliza kimetoka wapi?

Jumapili baada ya kanisa niliketi naye kwenye zulia lile lile. Nilimwomba radhi kwa kufoka, nikamwambia gemu ile haitarudi, na kwamba kosa la kuileta si lake. Kisha nikamuuliza alijisikiaje pale kwenye jino.

"Mara ya kwanza nilifumba macho."

"Na baadaye?"

Akawa anavuta nyuzi za zulia, moja moja, hajibu. Sikumharakisha. Tulikaa hivyo mpaka mamake akatuita chai.

Leo asubuhi, nikimfunga dadake kamba za viatu vya shule, ameniuliza kama yule mtu wa kwenye kiti alipelekwa hospitali.