Foleni ya mlimani: gari la familia kati ya Uyole na Mbalizi

Jumapili jioni, baridi imeshaingia

Mtu akitafuta gari la familia hapa Mbeya, swali la kwanza huwa: liko juu? RAV4, X-Trail, Forester, Rush, Escudo, zote zinasifiwa kwa kimo. Sina ugomvi na kimo. Mitaa ya ndani ya Uyole au Iyunga ikinyeshewa Januari, sentimita 20 za nafasi chini ya gari zinakuvusha mahali ambapo IST inaacha bampa. Ila tope ni kipande kifupi tu cha safari. Muda mwingine wote uko kwenye barabara kuu ya TANZAM, nyuma ya semitrela inayokwenda Tunduma, unapanda mita tatu, unasimama, unapanda tatu nyingine. Kinacholimaliza gari hapa ni foleni yenye mlima ndani yake, na vinavyotangulia kufa ni gia boksi, breki na mfumo wa kupoza injini. Hivyo vitatu wanunuzi wengi hawaviulizi kabisa.

Barabara yenyewe inabeba kazi mbili. Ni njia ya mzigo wa Zambia na Kongo, papo hapo ndiyo mtaa wetu wa kwenda Mwanjelwa, shuleni na kazini. Lori lenye mzigo likisimama kwenye mwinuko huondoka taratibu, na upenyo linaouacha mbele unajazwa na bajaji na bodaboda. Ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, umewapa watu matumaini. Mimi nanunua gari kwa barabara iliyopo.

Nianze na gia boksi, maana ndiyo yenye gharama. X-Trail za petroli za vizazi vya T31 na T32 zinazoletwa kutoka Japani nyingi ni CVT, otomatiki isiyobadilisha gia kwa hatua, na RAV4 ya Japani yenye kodi ya ACA31 vilevile. Humo ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na kinachoubana mkanda usiteleze ni presha ya hadroliki, yaani mafuta ya gia boksi. Hadroliki hiyohiyo inalainisha na kubeba joto. Kati ya injini na gia boksi kuna toki konveta, ambayo husukuma nguvu kupitia mafuta. Gari likitambaa kwenye mwinuko kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini inayakoroga mafuta na magurudumu hayaendi popote, na nguvu yote iliyopotea hapo inageuka joto. Upepo wa kupoza nao haupo kwa sababu gari halitembei. Ndiyo maana gari lililotulia kabisa kwenye safari ya Makambako huanza kutetemeka likiwa Kabwe saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo usitambae. Acha mbele yako nafasi ya gari moja au moja na nusu, isogee, kisha uondoke mara moja na usimame mara moja. Bodaboda ataingia hapo, mwache, hakai. Kwenye mwinuko shikilia gari kwa breki ya mguu. Kulishikilia kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, tabia ambayo wengi waliitoa kwenye gari la klachi, ni kuchemsha hadroliki kwa makusudi. Foleni ikiganda zaidi ya dakika moja, weka N na uvute handibreki. Lakini kuchezesha N na D kila baada ya sekunde kumi nako kunachosha klachi za ndani, kwa hiyo foleni inayosogea usiisumbue.

Hadroliki ya CVT kwa matumizi haya ibadilishwe kila kilomita 40,000. T31 inatumia NS-2, T32 inatumia NS-3, na CVT za Toyota zinataka TC au FE kulingana na kitabu cha gari. Hadroliki nyekundu ya otomatiki ya kawaida haifai hata kwa kuongezea, maana mkanda unahitaji mafuta yenye msuguano maalumu. Yakiwa mengine unateleza na kuzichuna puli. Ukifungua nati ya chini hutoka karibu nusu tu, nyingine inabaki kwenye konveta na mirija. Gari ambalo historia yake haijulikani, mwaga, jaza, tembea kama kilomita 1,000, kisha mwaga tena. Fundi apime kilichotoka kwa chupa yenye alama na arudishe kiasi hichohicho, halafu akague usawa wake hadroliki ikiwa imepata moto, injini ikinguruma na gari likiwa mahali tambarare. Hilo la tambarare nalisisitiza kwa sababu gereji nyingi za mji huu zipo kwenye mteremko, na gari likiinama, kijiti cha kupimia hakisemi ukweli.

Sampu, ile trei ya mafuta chini ya gia boksi, ikishushwa, simama uione mwenyewe. Chini kuna sumaku ndogo za duara. Zikiwa na ujiuji wa kijivu laini kama grisi yenye vumbi, huo ni uchakavu wa kawaida: futa, rudisha, weka gasketi mpya. Zikiwa na vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, mkanda au beringi imeshaanza kuliwa, na hadroliki mpya haitaliponya gari hilo.

Mwinuko wetu nao una hesabu yake. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza takribani sehemu moja ya sita ya nguvu. X-Trail ya lita 2.0 yenye farasi 137 kwenye karatasi inabaki na kama 114 hapa. Hakuna kilichoharibika, usikubali kuuziwa plagi na koili kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa ni kuiacha injini izunguke kwa kasi zaidi wakati wa kupanda, na kutolipita semitrela mlimani kwa kukadiria nguvu uliyoizoea Dar es Salaam.

Maji nayo hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Injini inafanya kazi karibu kabisa na hapo, kwa hiyo kinachozuia rejeta isitokote ni presha, na presha inashikwa na mfuniko. Mfuniko mzima wenye alama 0.9 au 1.1 unapandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukikauka, faida yote hiyo imekwenda, na gari litachemka kwenye foleni hata kama feni na pampu ni nzima. Ni spea ya bei ndogo, inunue kabla ya kutafuta ugonjwa mkubwa. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya bomba huacha magadi na kutu kwenye vijia vyembamba vya rejeta.

Kuna mafundi wakiona gari linachemka wanatoa themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na kukwambia "sasa litapumua". Kwa Mbeya huo ni ushauri mbaya. Juni na Julai asubuhi injini isiyo na themostati inachukua muda mrefu kupata moto, kompyuta inaendelea kuipa mafuta mengi ikidhani bado ni ya baridi, petroli inaisha na oili inapata unyevu. Ukiona geji ya joto inashuka kila unapoteremka na kupanda kila unaposimama, uliza kama hicho kidude bado kipo.

Sasa breki. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, ule wa Igawilo kwenye barabara ya Tukuyu, na Mlima Nyoka ukiwa unaingia Uyole, vyote vinashukwa kwa kanuni ya madereva wa zamani: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Otomatiki haikuondolei wajibu huo. Weka L, 2, S au B, kulingana na gari lako, kabla mteremko haujaanza, injini ilishikilie gari, na breki ya mguu uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie. Ukiilaza mguu juu yake toka juu hadi chini, pedi zinapata moto kupita kiasi, mafuta ya breki yanachemka ndani ya kalipa, na mvuke ukiingia kwenye mirija pedali inazama bila kushika kitu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na daraja lake huandikwa DOT kwenye chupa. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi; yaliyokwisha kulowa kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Miaka miwili ikipita yabadilishwe yote, upepo utolewe gurudumu kwa gurudumu, hata kama kikopo bado kimejaa. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikifika 3 ziondoke. Pini za kalipa zipakwe grisi ya silikoni peke yake, kwa sababu grisi ya kawaida inavimbisha mpira na pini inakwama. Dalili ya pini iliyokwama ni pedi ya ndani kuisha wakati ya nje bado nene, au rimu moja kuwa ya moto kuliko mwenzake. Na ukitoka kushuka Iwambi, usipitilize kuosha gari. Maji ya baridi juu ya diski ya moto yanaweza kuipinda, na baada ya hapo usukani unatetemeka kila ukikanyaga breki.

Matairi nayapitia haraka. Ukijaza upepo Dar kwa 32 psi mchana wa joto ukaja nao hadi Mbeya, kimo kinaongeza karibu 3 kwenye geji na baridi ya alfajiri inapunguza kama 4, kwa hiyo pima upya hapa, asubuhi, kabla gari halijatembea. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukipakia magunia ya viazi nyuma, fuata ile ya mzigo. Kwenye Forester, X-Trail na magari mengine ya kuvuta magurudumu yote, usiweke mawili mapya na mawili yaliyoisha. Kipenyo kikitofautiana, difu na klachi ya nyuma vinafanya kazi bila kupumzika. Kitufe cha LOCK ni cha kuanzia kwenye tope na utelezi. Kwenye lami ya foleni kiache.

Kioo kikiingia ukungu asubuhi, washa AC pamoja na joto, na uruhusu hewa ya nje. Ukifika nyuma ya lori linalotoa moshi, funga hewa ya nje kwa muda. Kwenye Toyota nyingi kichujio cha hewa ya ndani kiko nyuma ya droo ya dashibodi, kinatoka kwa mkono, na kwa moshi huu kitakuwa cheusi mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Ukubwa unaonekana zaidi ukifika sokoni. Rush ina upana wa milimita 1,695, RAV4 ya ACA31 ni 1,815. Hizo sentimita 12 ndizo bajaji inazozitaka. Mlango wa nyuma wa RAV4 hiyo na wa Rush ya Japani unafunguka kwa pembeni kama wa nyumba, kwa hiyo ukiegesha kinyumenyume ukutani huwezi kupakia hata dumu la mafuta. X-Trail na Forester unafunguka kwenda juu.

Kwa anayeshinda kati ya Uyole na Mbalizi, mimi ningechukua Rush yenye gia nne za otomatiki iliyotunzwa kabla ya X-Trail nzuri yenye CVT isiyo na kumbukumbu za sevisi, hata kama ya pili ina nafasi zaidi na viti vizuri. Ukiipenda X-Trail, ijaribu mlimani. Panda nayo barabara ya Chunya kuelekea Kawetere, rudi ukae kwenye foleni, kisha sikiliza kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa: mtetemo au mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo ni ishara mbaya. Fundi mwenye mashine ya kusomea asiishie kwenye kodi za hitilafu, kwani zinafutika kwa dakika moja. Asome joto la hadroliki gari likiwa linatembea. Na ufike kwa muuzaji asubuhi, ushike boneti kabla ya chochote. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho, na asiliwashe hadi ufike.