Injini ya Kombaini Ndani ya Trekta: Nilivyoihamisha na Pale Nilipokosea

Mwezi wa Desemba, nikiwa natifua shamba la ngano upande wa Basotu, wilayani Hanang, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili mkuu wa injini) ya silinda ya tatu ya trekta langu, Massey Ferguson 265, ilikatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, ubavuni, tundu ambalo ngumi ya mtoto ingepita. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, kwa sababu geji ya oili ilikuwa imekufa tangu msimu uliotangulia, nami niliendelea kulima kwa kusikiliza mlio tu. Bloku iliyotobolewa namna ile hata ikichomelewa haidumu, na injini mpya ilikuwa nje kabisa ya uwezo wangu. Ngano kwetu hupandwa Februari na Machi, kwa hiyo sikuwa na muda wa kusubiri miujiza.

Katika nchi hii ambako NAFCO, shirika la kilimo la serikali, ililima ngano katika mashamba makubwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, kombaini (mashine za kuvunia na kupuria ngano) zilizokufa si kitu cha kutafuta kwa tochi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa na kombaini ndogo iliyoegeshwa chini ya mgunga kwa misimu mitatu, ngoma ya kupuria na ungo vikiwa vimeliwa na kutu, jina la kiwanda halisomeki tena kwenye bodi. Injini yake, hata hivyo, ilikuwa Perkins 4.236, ndugu wa ile yangu: silinda nne, ujazo wa lita 3.86, na namba iliyogongwa kwenye bloku ikianza na herufi LD. "Mwanangu," alisema mzee, "hii imefanya kazi wiki chache tu kila mwaka, miezi mingine yote ilikuwa imelala." Maneno yake yalikuwa ya kweli na ndiyo yaliyonivutia, ila kulala nako kuna madhara yake. Nilichomoa nozeli zote nne, zile za kupuliza dizeli kwenye silinda, nikamimina oili kidogo kwenye kila silinda, nikaiacha usiku kucha, na asubuhi nikazungusha kranki kwa spana ndefu. Ilizunguka bila kukwama mahali popote, na oili iliyokuwa chini haikuwa na maji. Tukakubaliana shilingi milioni tatu.

Fundi niliyemwita, mtu wa Katesh ambaye ameyafungua matrekta ya aina hii tangu ujana wake, alinipa onyo moja kabla hatujagusa spana. Alisema kwamba injini hizi mbili zinafanana ndani na kutofautiana nje, kwa sababu injini ya kombaini imekaa tu juu ya mipira yake kama mzigo, ilhali injini ya Massey ndiyo uti wa mgongo wa trekta lenyewe. Ekseli ya mbele inashikwa na injini, giaboksi inashikwa na injini, na kati yao hakuna chesisi. Ndiyo maana sampu, yaani karai la oili chini ya injini, ya trekta ni chuma kizito cha kusubu, wakati ile ya kombaini ni bati lililokandamizwa. Ukiifunga sampu ya bati kwenye trekta, siku ya kwanza utakapopita kwenye tuta litavunjika katikati.

Kulikata trekta vipande viwili ndiyo kazi niliyoiogopa kuliko zote, na ndiyo iliyoenda vizuri kuliko zote. Tulipigilia kabari za mbao ngumu kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake, kila upande, ili sehemu ya mbele isilalie ubavu pindi itakapoachana na giaboksi. Tukaegemeza giaboksi kwenye magogo, tukaning'iniza injini kwa cheni bloku kwenye mabomba matatu yaliyofungwa pamoja juu, kwani uzito wake unazidi robo tani, kisha tukafungua bolti za kuzunguka belhauzingi, kasha la klachi kati ya injini na giaboksi, na kusukuma sehemu ya mbele taratibu kwa magurudumu yake.

Injini ya kombaini tuliivua kila kilichokuwa chake, tukaivika vya trekta: sampu, bamba la nyuma, flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya kranki), manifoldi, feni na pampu ya maji. Flaiwili ya kombaini ilikuwa imefungwa puli ya mikanda na haikuwa na sehemu ya kufungia klachi, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Kwa bahati, zote mbili hazikuwa na mtambo wa kusawazisha mtikisiko ambao baadhi ya 4.236 huwa nao ndani ya sampu. Ungekuwapo upande mmoja tu, tungechimba zaidi.

Pampu ya dizeli ilituletea mabishano. Ile ya kombaini ilionekana mpya zaidi na mimi nilitaka kuibakiza, lakini fundi alinisomea kibati chake. Tarakimu za mwisho za msimbo wa pampu hizi za kampuni ya CAV huonyesha mwendo wa juu wa injini bila mzigo, na ya kombaini ilizidi ya trekta kwa karibu mizunguko 500 kwa dakika, maana kombaini hutakiwa kukimbia kwa mwendo mmoja wa juu ili ngoma isipunguze kasi. Kwenye trekta, mwendo huo ungeizungusha mashine yoyote ya nyuma kupita kiasi chake. Tukaifunga pampu ya trekta, alama ya flenji yake ikitazamana na alama ya kasha la gia, tukapima tepeti, yaani nafasi ya valvu, kwa milimita 0.30 injini ikiwa ya baridi, tukatoa upepo kwenye pampu na kwenye mabomba ya nozeli. Iliwaka mara ya tatu, ikatoa moshi mweupe kwa dakika chache, kisha ikatulia.

Geji mpya ya oili ilisoma psi 45 na mimi nikaona nimemaliza. Siku ya pili shambani, nikipandisha mteremko na plau ya visahani, nikaona mshale unashuka: 30, 20, halafu sifuri. Nikazima injini papo hapo, nikakaa juu ya trekta bila kusema neno. Nilipoliwasha tena kwenye tambarare, presha ilirudi kama kawaida.

Kumbe siku ile tulipobadilisha sampu, tulibakiza chujio la kunyonyea oili lililokuja na injini ya kombaini, kwa sababu lilikuwa safi na lilienea bila kugusa chochote. Hatukuangalia mdomo wake unaishia wapi. Sampu ya kombaini ina kina upande wa mbele, ya trekta ina kina upande wa nyuma, kwa hiyo trekta lilipoinua pua, oili yote ilirudi nyuma na chujio likabaki linanyonya hewa. Bomba lenyewe linashikwa na bolti mbili tu, lakini kwa kuwa sampu ndiyo inayobeba trekta, kulifikia kulitudai kabari zilezile, magogo yaleyale na siku mbili nyingine. Fundi alikataa kulipwa kwa siku hizo mbili, nami sikumbembeleza sana.

Chujio la zamani la trekta lilikuwa bado kwenye ndoo ya vyuma chakavu, nalo tulilisafisha kwa dizeli na kulifunga. Nilirudi kwenye mteremko uleule, plau ikiwa ardhini, na mshale haukushuka chini ya 40 hadi nilipofika juu. Nilipanda ngano wiki ya pili ya Machi. Sili ya nyuma ya kranki, ambayo hatukuibadilisha kwa sababu haikupatikana Katesh wala Babati, inadondosha oili kidogo kila trekta linapolala, na kwa sasa nimeliwekea kopo chini ya belhauzingi.