Ratiba mlangoni mwa duka

Shule zikikaribia kufunguliwa, kitu cha kwanza ninachofanya asubuhi ni kubandika karatasi mlangoni, hata kabla sijafagia. Ni ratiba ya safari za wanafunzi wa bweni. Huitoa NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule iliyo chini ya Wizara ya Elimu ya Rwanda, ikionyesha wilaya ipi inasafiri siku ipi. Wilaya 30, siku nne tu. Duka letu liko hapa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, si mbali na uwanja wa Pelé, na wanafunzi wanaopitia Kigali wanapandia mabasi pale pale uwanjani. Nisipoibandika nitashinda kutwa nzima nikijibu swali moja: "Dada, Rusizi ni leo au kesho?"

Shemeji yangu wa Dar alikuja kututembelea wiki moja ya namna hiyo, akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai akiangalia vijana wenye sare wakipita na magodoro kichwani. "Yaani wizara ndiyo inayowapangia hadi siku ya kupanda basi?" Nikamwambia shemeji, nchi yetu ina kilomita za mraba 26,338, mkoa wenu wa Tabora peke yake unatuzidi karibu mara tatu. Kwenu waraka unaweza kuchoka njiani. Hapa ukitoka asubuhi, jioni umeshafika dukani kwangu ukitaka kandambili.

Si mzaha. Mpaka saa za kufungua duka tumezifuata za wizara. Tangu Januari 2023 masomo yanaanza saa mbili na nusu asubuhi. Zamani watoto walikuwa wananigongea dirisha bado giza, nawauzia daftari nikiwa nimejifunga kanga juu ya nguo ya kulalia. Siku hizi wanakuja kumepambazuka, nami nimeshanawa uso.

Na hesabu za wazazi nazijua kwa kichwa. Mwaka 2022 wizara iliweka kiwango cha mchango wa mzazi kwa shule za serikali: bweni lisizidi faranga 85,000 kwa muhula, sekondari ya kutwa 19,500, msingi 975, ambayo ni ya chakula cha mchana. Mia tisa sabini na tano! Kuna baba huwa anakuja na pesa ya shule kaifunga kwenye bahasha, hiyo haiguswi, halafu mkono wa pili una noti za vya pembeni. Godoro, ndoo, beseni, kufuli, sabuni ya mche. Hapo kwenye vya pembeni ndipo jasho linapomtoka. Huwa namwacha apange vitu kaunta, avitazame, aanze kuvirudisha kimoja kimoja. Kufuli hairudishwi kamwe. Anayesoma bweni anajua kwa nini.

Mimi mwenyewe waraka mkubwa kuliko yote ulinikuta darasani. Oktoba 2008 serikali iliamua masomo yahame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwaka wa shule ulipoanza Januari nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu mzima, amefundisha kwa Kifaransa maisha yake yote, na jioni alikuwa anakwenda kujifunza Kiingereza kile kile ambacho asubuhi alitakiwa kutufundishia. Nakumbuka siku ya maumbo. Aliandika ubaoni *triangle*, akalisoma kwa Kifaransa kama mazoea yalivyomtuma, akasita. Akalichungulia kwenye kamusi. Akarudi ubaoni na dasta mkononi, tukajua analifuta. Hakulifuta. "Hili wameliacha," alisema, "tulisome tu upya." Tukalisoma upya, darasa zima, na yeye sauti yake ilikuwa chini kuliko zetu.

Nyumbani nilimsimulia marehemu baba, akacheka: "Pembetatu hiyo."

Kiswahili chetu cha nyumbani nacho kilikuja kupanda cheo. Februari 2017 bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi. Sisi wa Nyamirambo tulijiona tumeshinda bila kucheza, maana mtaa huu umezungumza Kiswahili tangu enzi za babu zetu. Basi mdogo wangu aliye sekondari akaja dukani na zoezi la ngeli, akamuuliza mama: "kiti hiki" au "kiti hii"? Mama akajibu bila hata kuinua macho, "kiti hii". Amepata sifuri, na mama hadi leo anasema mwalimu ndiye aliyekosea. Mimi siingilii, maana kiti anachokalia akisema hivyo ni hiyo hiyo.

Safari iliyopita siku ya nne ilipoisha, uwanjani ilikuwa imebaki mifuko ya karatasi na soksi moja. Nilikuwa nafunga, akaja mama mmoja anahema na binti yake nyuma, wilaya yao ilisafiri juzi. Alisoma ratiba mlangoni kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili, kama vile herufi zingeweza kusogea. Binti akasema taratibu, "Mama, twende stendi tukatafute gari la kawaida." Nikafungua tena. Walichukua ndoo na kufuli.

Karatasi sijaibandua. Juzi kati mtu kanipigia mlango kuuliza kama Karongi ni kesho.