Nilivyounda kinanda cha kupiga robo toni za taarab

Kilichonitia kazini ni noti ya tatu ya maqam Rast, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Ukianzia Do, noti hiyo hukaa kati ya Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu toni) na Mi, yaani kwenye robo toni, kama Hz 320 hivi (mitetemo 320 kwa sekunde), na kinanda cha kawaida kina Hz 311 na Hz 330 tu. Mpiga fidla na mpiga udi wanaipata kwa kidole, na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, hugeuza vijiti vidogo vilivyo ubavuni mwa nyuzi. Sisi wa vinanda tunabaki kuikwepa. Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, lakini bei yake haikuwa ya mfuko wangu, na nilitaka chombo ambacho kila noti naiweka mwenyewe nitakapo.

Kwenye sintesaiza ya kidijitali, chombo kinachounda sauti kwa hesabu, hilo linawezekana, kwa sababu noti ni namba iliyoandikwa kwenye jedwali. Ukibadilisha namba, noti imehama.

Nilichagua ESP32, chipu ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu mwenyewe. Arduino Uno R3, kibao cha namna hiyo hiyo, ni nzuri kwa kujifunzia, ila ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na sauti niliyoitaka inakula zaidi ya hapo. ESP32 ina kilobaiti 520, viini viwili vya kufanyia hesabu, na kasi ya MHz 240. Ina kigeuzi chake cha ndani cha kugeuza namba kuwa sauti, lakini ni cha biti 8 na kinakwaruza, kwa hiyo niliunganisha kibao cha PCM5102, kigeuzi bora zaidi, kwa nyaya tatu za I2S (njia ya kupitishia sauti ya kidijitali kati ya chipu), pamoja na umeme na graundi. Ukikipata kibao hicho, unganisha pini ya SCK na graundi, maana bila hivyo unaweza kukaa mchana kutwa ukisubiri sauti. Vitufe nilivitoa kwenye kinanda kibovu cha watoto, nikavipanga kwa safu 4 na nguzo 8, kila kitufe na dayodi yake ya 1N4148, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Pini 12 zinasoma vitufe 32, na dayodi zinazuia noti za uongo unapobonyeza vitatu kwa pamoja.

Utamu wenyewe uko kwenye sauti. Sikutaka mlio wa king'ora, nilitaka kitu kinachokaribia kanuni, kwa hiyo nikatumia njia ya Kevin Karplus na Alex Strong iliyochapishwa mwaka 1983. Unatenga safu ya namba kwenye kumbukumbu na kuijaza namba za kubahatisha, yaani kelele tupu. Kisha unaizungusha: namba inayotoka inakwenda kwenye spika, halafu wastani wake na jirani yake unarudishwa nyuma ya foleni. Kila mzunguko unakula makali ya kelele, na sikio linasikia uzi uliopigwa na kufifia taratibu. Mara ya kwanza nilipousikia kwenye hedifoni niliirudia noti hiyo hiyo moja mpaka usiku ukaisha. Programu yenyewe ni mistari michache tu!

Urefu wa safu ndio unaoamua noti. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde (sampuli ni namba moja inayokwenda kwenye spika), Hz 320 inahitaji sampuli 137.8, na safu haiwezi kuwa na sampuli ya vipande. Kwenye noti za chini tofauti haisikiki, lakini Do ya juu ya Hz 1,046 inataka sampuli 42.14, na ya karibu inayopatikana ni 42.5 (ile nusu inatokana na wastani). Hapo unashuka karibu senti 15, na nusu toni nzima ni senti 100. Kwa mtu anayetafuta robo toni, hiyo ni hasara kubwa. Dawa ilitolewa na David Jaffe na Julius Smith mwaka huo huo wa 1983: kichujio kidogo kinachochelewesha sauti kwa sehemu ya sampuli bila kupunguza nguvu zake. Nilipokiweka, oktava zote zilikaa sawa.

Kanuni hufungwa nyuzi tatu tatu kwa kila noti, kwa hiyo nami niliipa kila noti safu tatu, moja sawasawa, moja juu senti 2, moja chini senti 2. Noti 8 kwa pamoja ni safu 24. Kwa kila sampuli chipu ina mizunguko 5,400 hivi ya kazi, yaani kama 225 kwa kila safu, na inatosha. Kiini kimoja kinatengeneza sauti, cha pili kinasoma vitufe na volyumu 12, yaani vinobu vya kuzungusha nilivyoviunganisha.

Volyumu hizo ndizo zinazohamisha noti. Nilikipeleka kinanda kwa mzee anayepiga kanuni kwenye kikundi chetu, nikamwekea robo toni kamili ya hesabu. Akaisikiliza, akatikisa kichwa. "Ipandishe kidogo, mwanangu. Kidogo tu. Hapo hapo, iache." Nikasoma namba kwenye kompyuta: senti kama 10 juu ya nilipokuwa nimeiweka. Nikamwomba apige Rast kwenye kanuni yake, na noti yake ilikaa hapo hapo. Kwa hiyo jedwali langu sasa linafuata sikio lake, na noti ya saba nimeipanga kwa namna hiyo hiyo.

Kazi iliyofuata ilikuwa mtetemo, pale mpiga kanuni anaporudia noti moja kwa kasi. Safu ikijazwa kelele upya kila mara, sauti inakatika. Niliandika upya sehemu hiyo ili kelele mpya iongezwe juu ya kile kinachozunguka tayari, kwa nguvu ndogo, na mapigo yakaanza kuungana. Bado kisanduku. Nimeshapima ubao wa mninga, natafuta fundi seremala wa kunikatia matundu ya volyumu 12.