Klachi ya Hilux: pedali ilizama, giaboksi sikushusha

Fundi wa kwanza aliikanyaga pedali mara moja tu, akasema klachi imekwisha, tushushe giaboksi tuifikie. Nilikataa, na nilikuwa sahihi. Klachi iliyokwisha huteleza: injini inalia, gari haliendi. Hilux yangu, LN106 ya dizeli, haikuteleza hata kidogo. Asubuhi pedali inazama, rivasi inakwaruza, lakini ukipampu mara tatu nne gia inaingia yenyewe. Huo ni ugonjwa wa mafuta yanayosukuma klachi, si wa sahani ya klachi yenyewe. Ukibaki na shaka, chungulia chini mtu akikanyaga pedali: rodi ya masta ya chini, silinda ndogo ubavuni mwa giaboksi, inatakiwa isukume foku, mkono unaoachanisha klachi, kama sentimita moja na nusu. Yangu ilisogea nusu ya hapo. Nikainua kimpira cha vumbi, yakachuruzika mafuta meusi tii. Weusi ule ni raba ya ndani, inayozuia mafuta yasivuje, inasagika.

Hapo nikajifanya mjanja wa kubana pesa. Nikanunua raba peke yake, elfu kumi na kitu, nikafungua masta ya chini. Ukipitisha ukucha ndani ya silinda unasikia vitobo vya kutu, vingi vikiwa upande wa chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yasipobadilishwa miaka mingi chuma kinaliwa. Nikasugua kwa msasa laini namba 1000, nikaosha, ikang'aa kama kijiko kipya. Vitobo vikabaki palepale. Siku ya nne raba mpya ilikuwa imeshachanika mdomo na mafuta yanadondoka tena. Ukucha ukikwama, acha raba, nunua masta nzima. Na nunua zote mbili: kapeti chini ya pedali lilikuwa limelowa, maana yake masta ya juu, ile inayosukumwa na pedali, nayo ilikuwa inavujia ndani ya gari.

Muuza spea mmoja akanishauri nipake grisi ili pistoni iteleze vizuri. Thubutu! Grisi ya kawaida huvimbisha raba hizi, pistoni ikaganda. Kinachopakwa ni mafuta yaleyale ya breki, DOT 3, ya kopo jipya. Yakidondokea rangi ya gari mwagia maji hapohapo, la sivyo inabanduka.

Nati ya paipu ni namba 10 na ni laini. Spana ya mdomo wazi huila kona, tafuta ile inayoikumbatia pande zote. Wakati wa kurudisha, ianzishe kwa vidole masta ikiwa bado inacheza, ndipo ukaze bolti zake. Ukifunga masta kwanza, nati inaingia mshazari na uzi unakufa.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ndiko kulikonitoa jasho. Kanyaga pedali, shikilia, fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini), funga: nusu kopo likaisha, pedali bado sponji. Upepo ulikuwa umejificha kwenye kona ya juu ya paipu, kila ukikanyaga unashuka kidogo, ukiachia unapanda tena. Nikageuza mchezo, nikasukuma mafuta kutoka chini. Bomba la sindano ya mifugo la ml 50, bila sindano, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Jaza vyote viwili visibaki na povu, chomeka kwenye nipeli, legeza nusu mzunguko, sukuma polepole. Mwenzako achungulie kikopo cha mafuta cha masta ya juu, ambacho unakipunguza kwanza kisifurike: mapovu yalitoka blup, blup, mara ya tatu yakakoma. Kaza nipeli kabla ya kuchomoa mpira. Mtu asiguse pedali, kwani ikishuka kidogo tu tundu la kurudishia mafuta kikoponi linazibwa.

Tundu hilohilo ndilo sababu ya kurekebisha rodi ya pedali mwishoni. Acha uchezaji wa milimita 1 hadi 5 kwenye pedali, pale mguu unapokanyaga, kabla rodi haijagusa pistoni. Ukiumaliza wote, mafuta hayarudi, na klachi nzima kabisa inaanza kuteleza ikipata joto. Halafu utaambiwa tena ushushe giaboksi.