Nyota ya shaba kwenye kasha

Jamani, leo nimemaliza kutia nyota ya shaba kwenye kifuniko cha kasha la mvule, hapa Mji wa Kale. Alama nilichora kwa ncha ya kisu. Penseli huacha mstari mnene, na pengo huanzia hapo. Kingo za shaba nilizipiga tupa zilale kidogo kwa ndani, ili nyota ikishuka ijikaze yenyewe. Halafu masizi ya koroboi chini yake: ukiibonyeza na kuinyanyua, palipoingia weusi ndipo patasi ipite, kidogo kidogo. Mafundi wa vitako vya bunduki nao hutumia masizi vivyo hivyo.

Pembe tano hizo zimenitoa jasho, wallahi! Duara ningelitoboa kwa keekee, lakini mwenye kasha kashikilia nyota. Bado kupaka mafuta.